Lango Linalofunguliwa kwa Tabasamu

Wengi mjini Kitengela waliijua sauti ya Kalunde kabla ya kujua lolote jingine juu yake. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, ikitoka nyuma ya barakoa ya kitambaa cha buluu. Kila Jumamosi iliijaza saluni ya Caro, hata wateja waliokwisha kusukwa wakabaki vitini, mikoba magotini, wakisubiri kusikia Mumo amefikia wapi.

Mumo hakuwa jirani wala mteja. Aliishi kichwani mwa Kalunde, katika nyakati ambazo bado hazijafika, ambapo nyanda zote toka Kitengela hadi Kajiado zimezungushiwa ukuta mmoja mrefu, na mvua hainyeshi ila ndani ya ukuta, kwa kuwa walio ndani wamejifunza kuyavuta mawingu kama mtu anavyovuta ndama kwa kamba. Ukuta ule una lango moja tu. Lango halina kufuli, wala askari wa kukuuliza jina. Lina jicho la kioo. Unasimama mbele yake, unatabasamu, jicho linapima weupe wa meno yako, na likiridhika chuma kinasogea, unaingia kwenye maji.

Mumo alizaliwa nje. Alikunywa maji ya chumvi tangu aachishwe ziwa, na meno yake yalikuwa ya kahawia kama ganda la mgunga. Kwa hiyo Mumo hakutabasamu. Lakini ulimi wake ulijaliwa: akionja tone moja la maji, anakwambia limepita chini ya mlima upi, na nani amelia karibu nalo.

"Ngoja kwanza," Waithera alisema siku ile hadithi ilipoanza. Waithera aliuza dawa kwenye duka la ng'ambo ya barabara, na alisoma riwaya za mapenzi kwenye simu hata akiwa kwa kaunta. "Huyo ndiye staa? Msichana wa meno mabaya? Si utuwekee mrembo?"

"Ni mrembo," Kalunde akajibu, akichukua fungu jingine la nywele. "Shida ni lango."

Ndani ya ukuta kulikuwa na kijana aliyesafisha mabomba. Wafanyakazi wa huko hawakupewa majina, walipewa namba, na yake ilikuwa Saba. Jua likipoa, Saba aliinama mahali bomba linapopita chini ya ukuta, Mumo akainama upande wa pili, na kupitia tundu lile wakazungumza. Hawakuwa wameonana hata mara moja. Hadithi ilipofika hapo Waithera aliacha kulalamika juu ya meno.

Kalunde hakuwahi kuandika hata mstari wa hadithi ile. Aliisema tu, huku vidole vikisuka, na hadithi ikaenda kwa mwendo wa nywele: ikipinda zinapopinda, ikikaza zinapokaza, na ikikatwa pale kichwa kinapokwisha. Caro, mwenye saluni, mama wa watu aliyependa kucheka, alidai wapo wateja waliochagua mitindo ya kuchukua siku nzima kwa sababu ya Mumo.

Rangi ile ya kahawia Kalunde hakuibuni. Baba yake alitoka Makueni kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, mbele ya Isinya, akaipata, akamleta mkewe na mtoto mchanga. Waliishi kwenye nyumba za mabati na kunywa maji ya kisima kilichochimbwa papo hapo. Maji yalikuwa baridi na maangavu, hakuna aliyeyashuku. Meno ya utotoni yalipong'oka, mapya yalitokea na madoa, kisha madoa yakashikana, mpaka yakawa na rangi ya chai iliyokaa kikombeni ikaacha duara. Pale hakuna aliyeona ajabu, maana watoto wote wa mabati yale walikuwa hivyo. Walipohamia Kitengela mjini ndipo alipoambiwa ana kasoro. Darasani walimwita Majani, yale ya chai. Walimu wakamwita mtoto mnyamavu, wasijue kwamba alikuwa na maneno kuliko wote, ila hakuwa na mlango wa kuyatolea. Alijifunza kucheka kwa mabega.

Kisha ikaja korona, na kila mtu akaamriwa afunike mdomo. Watu walinung'unika. Kalunde alipumua. Kwa mara ya kwanza alipita barabarani akicheka, mdomo umeachama nyuma ya kitambaa, na hakuna aliyejua. Ugonjwa ulipopungua na watu wakatupa barakoa zao, yeye alishona nyingine. Wateja walipouliza, alisema ukali wa dawa za nywele unamwingia kifuani, nao wakaridhika. Na nyuma ya kitambaa kile, yale maneno ya miaka yote yakaanza kutoka. Ndivyo Mumo alivyozaliwa.

Caro peke yake ndiye aliyeujua mdomo ule, kwa kuwa mchana walikula pamoja nyuma ya pazia.

Mabomba ya mtaa ule yalikauka siku nyingi kuliko yalivyotoa, na maji ya saluni yaliletwa na Parsaoti kwa mkokoteni wa punda wawili. Alikuwa kijana mrefu wa Kimaasai, mzaliwa wa upande wa Mashuuru, aliyekuja mjini baada ya kiangazi kumaliza ng'ombe wa baba yake. Aliingia na mtungi kila mkono, akaujaza mlango kwa urefu wake.

"Sopa, Kalunde!" alisalimu kwa lugha ya kwao.

"Ipa."

Alipaswa kumimina maji kwenye pipa na kwenda zake. Badala yake aligeuza mtungi mtupu, akaukalia, akasikiliza. Tena hakusikiliza kimya.

"Huyo Mumo ako na mbuzi ngapi?"

"Hana mbuzi."

"Anaishi nje ya ukuta na hana mbuzi? Sasa hiyo ni hadithi ama ni matusi? Mpatie hata mbili."

Jumamosi iliyofuata Mumo alikuwa na mbuzi wawili, na Parsaoti akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake.

Alipocheka, alicheka kwa uso mzima. Meno mawili ya chini, ya katikati, hayakuwepo. Nyanya yake aliyang'oa Parsaoti angali mtoto, kwa desturi ya zamani ambayo wazazi wa rika lake wengi walikuwa wamekwisha kuiacha. Hakuuficha mwanya ule wala hakuuonyesha. Ulikuwepo tu, kama pua yake ilivyokuwepo. Kalunde aliutazama kwa pembe ya jicho, na kicheko kikaanza kumpanda kifuani, kicheko kikubwa kuliko kitambaa. Hapo akaingiwa na hofu. Alishika barakoa kwa vidole viwili, akaivuta juu hadi chini ya kope, na kugeuzia uso ukutani.

Alifanya hivyo leo, akafanya kesho. Kila Parsaoti alipoingia mkono ulikwenda wenyewe. Kadiri alivyompenda ndivyo alivyoivuta juu zaidi, na hakuwahi kujiuliza jambo lile linaonekanaje kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Kwanza Parsaoti alikuja na shati lililopigwa pasi. Halafu akaja amejimiminia manukato mpaka Caro akapiga chafya mfululizo. "Weh! Unaoa leo?" Caro alimuuliza. Parsaoti hakucheka. Alimtazama Kalunde, na Kalunde, aliyeupenda ule utani, alikuwa amekwisha kuvuta kitambaa hadi machoni. Baada ya hapo hata punda walianza kung'aa. Kisha akaacha kukalia mtungi. Kisha akaacha kuingia. Aliishusha mitungi kizingitini, akasema "Maji" na kuondoka. Kalunde aliendelea kusuka akiwa ameelekea mlango, hadithi ikapunguza mwendo, na Saba akaanza kuchelewa kufika kwenye bomba.

Jumamosi moja aliyeleta maji alikuwa Mwanzia, Mkamba wa makamo mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Alimimina mitungi yake yote, akajifuta mikono, kisha akamgeukia Kalunde.

"Mwiitu, binti yetu, wewe ndiye yule hawezi harufu ya punda?"

"Harufu gani?"

"Parsaoti ameniachia hii njia. Anasema hapa kuna msichana akimuona tu anafunika pua. Kijana ameoga mpaka karibu abadilike ngozi, bado anafunikiwa. Ameona ni heri aache kusumbua watu." Akainua mitungi. "Mimi naambia nyinyi mapema, mimi sijipaki kitu. Mkitaka maji, mtanusa."

Akatoka. Caro alicheka hadi chanuo likamdondoka. "Ati pua! Kalunde! Mtu wa watu amemaliza sabuni yote ya Kitengela!"

Lakini Kalunde alikuwa amesimama na nywele za Waithera mkononi, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kupotea njia, vilikuwa vimepotea. Mstari aliousuka ulikwenda upande. Aliufumua, akauanza tena, ukapinda tena.

"Leo Mumo hayupo," alisema.

"Ameenda wapi?" Waithera akauliza, shingo imeinama.

"Yuko kwa tundu la bomba. Saba hajakuja."

"Basi mimi nikusaidie, maana hii hadithi umeivuta sana. Saba aibe ile dawa ya meno ya huko ndani. Ampitishie kwa bomba. Mumo asugue, yawe meupe kabisa, asimame mbele ya jicho, atabasamu, pap! Lango wazi, harusi. Watu wanataka kufurahi, Kalunde."

Waithera hakujua kwamba mwisho huohuo ulikuwa umewekwa tayari tangu mwanzo. Kalunde aliutunza kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu. Mara nyingi, mikono ikiwa kazini, alimwona Mumo akiingia langoni na mdomo mpya. Leo alijaribu kuutamka, ukamkwama. Saba alikuwa amempenda nani kule kwenye bomba? Na huyo wa meno meupe atakayeingia, ni nani?

Mchana, nyuma ya pazia, Caro alipakua githeri kwenye sahani mbili. Hakuwa akicheka tena.

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini? Nimuonyeshe, halafu?"

"Mimi nakula na wewe hapa miaka yote. Kuna siku umeona nimekosa hamu?"

"Wewe ni mwanamke. Wewe ni Caro."

"Sawa, mimi ni Caro." Alitafuna kidogo. "Sikia, mami. Kuficha mdomo wako ni shauri yako, sijawahi kukuuliza. Lakini sasa kuna mtu huko nje anajiona ananuka. Anajisugua kila siku kwa sababu ya kitu hana. Hiyo si aibu yako peke yako tena. Hiyo ni kumuonea mtu."

Kalunde alitazama githeri yake. Alimfikiria Parsaoti akijinusa kwapa, akinusa shati, akinusa mikono iliyobeba maji ya kuoshea vichwa vya watu. Akajiona yeye ndiye jicho la kioo, ndiye aliyesimama langoni na kumfanya mtu mzima ajione hafai kuingia. Alivua aproni.

"Waithera amebaki na mistari mitatu," alisema.

"Nitamalizia. Atalalamika, lakini yeye hulalamika tu."

Kisima cha mikokoteni kilikuwa pembeni mwa mji, pale ploti zinapokwisha na mbuga kuanza. Mikokoteni ilipanga foleni, punda wakiwa wamekunja mguu mmoja mmoja, na vijana waliketi juu ya mitungi wakibishana kuhusu mpira. Parsaoti alikuwa karibu na mbele, akiikaza kamba ya mkokoteni. Alipomwona Kalunde alinyooka, akaacha kamba, na kurudi nyuma hatua kadhaa.

"Simama hapo hapo," alisema kwa upole. "Upepo unatoka upande wako. Hapo ni sawa."

Hilo lilimwumiza kuliko maneno yote ya Mwanzia.

"Sopa, Parsaoti."

"Ipa. Mwanzia hakuleta maji?"

"Alileta."

"Basi ni nini?"

Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Yeye, aliyejenga mji mzima na mawingu yake kwa mdomo mtupu, sasa hakupata hata moja. Alipeleka mikono masikioni na kuvuta barakoa. Uzi mmoja ulinasa kwenye hereni, akahangaika nao, uso nusu wazi nusu umefunikwa, akaona angelia kwa upumbavu wa jambo lile. Kisha ukanasuka. Upepo wa mbuga ulimpiga midomoni. Akafungua mdomo, kama mtu anayemfungulia daktari.

"Sikuwa nafunika pua," alisema.

Parsaoti aliutazama mdomo ule bila haraka, kama alivyotazama kila kitu alichotaka kukijua.

"Umekulia wapi?"

"Mbele ya Isinya. Kwa mashamba ya maua."

"Kuna kisima kiko karibu na barabara ya murram, kiko na tangi nyeusi?"

"Hicho."

"Nakijua. Mwaka wa kiangazi tulipita hapo na ng'ombe. Walinusa hayo maji wakakataa. Wamekaa bila maji kutoka kwetu, na wakakataa! Mzee akasema, tuendelee, haya ni maji ya watu."

"Sisi tulikunywa."

"Mlikuwa na kiu kuliko ng'ombe."

Kalunde hakujua kama acheke au alie. Parsaoti alikuwa amekunja uso.

"Kwa hivyo ni meno. Siku zote hizo ni meno."

"Ni meno."

"Kalunde, unajua nimeosha hawa punda na sabuni ya unga? Huyu mkubwa amejikuna mgongo kwa ukuta mpaka mwenye ukuta amenitukana. Unajua hapa wananiita nani? Uliza."

"Wanakuita nani?"

"Bwana Harusi!" alipaza sauti kijana mmoja kutoka kwenye foleni, na wenzake wakapiga makofi. "Bwana Harusi, songa! Bomba iko wazi! Mapenzi peleka kando!"

"Nyamazeni, nyinyi!" Parsaoti akawajibu, lakini aliwasogeza punda. Kalunde akatembea kando yake, sasa upande wowote wa upepo.

"Pole," alisema.

"Usiniambie mimi. Ambia huyu."

Kalunde alimgeukia punda mkubwa, ambaye kweli alikuwa na mabaka mgongoni, na ambaye alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoshwa na mambo ya wengine. "Pole, mzee," akamwambia. Ndipo kicheko kikampanda, kilekile cha saluni, kikubwa. Mkono ulikimbilia mdomoni, lakini hapakuwa na kitambaa cha kuvuta. Ukabaki hewani, kisha akauweka juu ya shingo ya punda, akacheka mpaka akainama.

Parsaoti hakucheka naye mara moja. Alifungua bomba, akatia mpira wa maji kwenye mtungi wa kwanza.

"Mimi nilikasirika," alisema, akitazama maji. "Bado niko na hasira kidogo. Kama ningekuwa nanuka, si ungeniambia? Mimi nikiwa na kitu nasema. Wewe una maneno ya watu hawajazaliwa, na yangu mimi huna."

"Niliogopa."

"Uliogopa mimi?"

"Niliogopa uache kuja."

"Na nikaacha." Aliinua macho. "Umeona hiyo hesabu yako?"

"Nimeiona."

Parsaoti alimpa mpira aushike, yeye akasogeza mitungi. Walifanya kazi hivyo kwa muda, mmoja akijaza, mwingine akifunga vifuniko na kupanga. Maji yalimrukia Kalunde miguuni na kulowesha pindo la sketi. Aliyaonja kidoleni, bila kufikiri. Yalikuwa na chumvi.

"Mumo amefika wapi?" Parsaoti aliuliza hatimaye, na kwa kuuliza kwake Kalunde akajua hasira inapoa.

"Amekwama. Waithera anataka nimpatie dawa ya kusugua meno yawe meupe, aingie."

"Na wewe unataka?"

"Nilitaka. Sasa sijui."

Parsaoti alifikiri huku akibana mtungi kifuani. "Sisi nyumbani, boma ikifungwa, miba inaelekea nje. Inazuia kitu kinakuja, si kitu kinatoka. Hilo jicho lako linamuuliza mtu anatoka?"

"Hapana," Kalunde akasema polepole. "Anayetoka haulizwi."

"Basi kwa nini ni Mumo tu anasumbuliwa aingie? Huyo Saba ako na miguu?"

"Nje hakuna maji, Parsaoti."

"Si huyo msichana anajua maji kwa ulimi? Atamuonyesha ya kunywa na ya kuacha. Mimi ningetoka."

Alilisema kama analizungumzia soko la Jumatano, kisha akapandisha mtungi wa mwisho na kufunga kamba, masikio yake yakiwa yamewiva kidogo kwa haya. Kalunde aliikunja barakoa, akaitia mfukoni. Kama angeivaa Jumatatu mbele ya wateja, hakujua. Waithera angeuliza maswali, na Waithera huuliza kwa sauti. Hilo lilikuwa la Jumatatu.

"Nani atatuletea maji?" akamwuliza.

"Mwanzia anasema saluni yenu iko na kelele mingi." Parsaoti alishika hatamu. "Nitaleta mimi. Lakini manukato imeisha, na sinunui ingine."

"Usinunue."

Punda walivuta, magurudumu yakalia, na mkokoteni ukashika njia ya mji. Kalunde alitembea upande wa kulia, Parsaoti wa kushoto, mitungi ikisukasuka katikati yao, na akaanza kumsimulia jinsi Saba alivyoamka asubuhi, akaweka chini brashi yake ya mabomba, na kulielekea lango akiwa hajui ni nani atakayemkuta upande wa pili. Lori likapita, likawatimulia vumbi. Likamwingia Kalunde mdomoni, akakohoa, akapangusa midomo kwa kiganja, akaendelea kusema.